Kitabu cha ripoti cha usiku kina sahihi moja tu

MwanaNzoia (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho, maana mwanzoni nitaonekana namlalamikia nesi, na si yeye ninayemtafuta.

Mwezi wa tatu nilimlaza mama yangu mdogo katika hospitali moja ya kaunti huku kwetu magharibi ya Kenya. Jina la hospitali silitaji. Ana miaka 67, nimonia, na mapafu yaliyokwisha kuchoshwa na moshi wa kuni. Kitanda alipata, ila cha kulala wawili. Mwenzake alikuwa bibi mmoja aliyevimba mguu kwa ajili ya sukari, wakalala mzungu wa nne usiku kucha.

Saa nane usiku mama akaanza kuhema kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni. Nikakimbia kaunta. Hakuna mtu. Nikazunguka wodi nzima, nikamkuta nesi kule mwisho nyuma ya pazia, yuko juu ya mgonjwa anamkandamiza kifua, peke yake, anahesabu kwa sauti. Hakuacha mikono. Aliniambia tu, "Kaka, mkalishe wima mama, muegemeze mito, nakuja." Alikuja baada ya dakika 25, niliitazama simu. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo. Kilichokosekana ni kile kipimo kinachofungwa juu ya mtungi ili hewa itoke kwa kiasi. Cha wodi kilikuwa kwa mgonjwa mwingine, ikabidi akimbie wodi ya wanaume kuazima.

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo mama angekuwa na nguvu angenizaba kofi. Hakunijibu neno. Alimwekea mama mpira puani, akangoja namba ya oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni ipande hadi 91, ndipo akaniambia: "Wagonjwa ni 43. Niko peke yangu tangu saa moja na nusu. Ukitaka kunishtaki nishtaki, lakini na hilo uliandike."

Mama alipona, yuko nyumbani na kuku wake. Yule wa nyuma ya pazia hakupona. Asubuhi watoto wake walifika, wakamkuta nesi yule yule anakabidhi zamu, wakamzunguka, mmoja akamshika kola. Mkubwa mmoja akaja kutuliza watu, na kauli yake mbele yetu sote ilikuwa kwamba nesi huyo atachukuliwa hatua.

Yaani saa sita zilitosha kumpata mwenye makosa, na mwenye makosa akawa ni yule pekee aliyekuwepo. Aliyeamua wagonjwa 43 waachiwe mtu mmoja hata jina lake sikulisikia. Aliyejua kuwa wodi mbili zinagombania kipimo kimoja naye sikumsikia. Mlio ndani ya kazi hii, naombeni mnieleze: hospitali ya umma ikikosea, kosa hilo linakaa mezani kwa nani?

---

Sista_wa_Zamu

Pole kwa mama, kaka. Na asante kwa kuliandika hilo alilokuomba.

Mimi ni nesi mwaka wa 14 sasa, siko hospitali hiyo, lakini ningeweza kuwa yeye. Rota, yaani ratiba ya zamu, hupangwa na sista mkuu wa wodi kila mwisho wa mwezi, naye hawezi kumgawa mtu asiye naye. Chukua wodi yangu. Kwenye karatasi tuko manesi 11. Wawili wako masomoni. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Mmoja aliumia mgongo kwa kuinua wagonjwa, amepewa kazi nyepesi kliniki. Mmoja alistaafu, jina halijafutwa wala nafasi haijajazwa. Mmoja yuko Uingereza tangu mwaka juzi, na simlaumu. Tumebaki watano. Siku ina zamu tatu, na aliyekesha lazima alale. Hesabu mwenyewe utafika kwenye nesi mmoja wa usiku bila mtu yeyote kuwa mvivu.

Mkuu wa hospitali haajiri. Anaandika barua ya kuomba watu, barua inakwenda kwa afisa mkuu wa afya wa kaunti, huko inaungana na nyingine, na anayeajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Hazina nayo inajibu kwamba kanuni za fedha za 2015 zinaikataza kaunti kupitisha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu. Hiyo ni kweli, kanuni ipo na kaunti nyingi zimeshaivuka. Lakini nimeona mwaka ambao nesi hakuajiriwa hata mmoja na ofisi za wanasiasa zikapata wahudumu wa chai. Asilimia ilikuwa ile ile.

Kuna jambo moja linaniuma kuliko yote. Kila usiku tunaandika kitabu cha ripoti. Wagonjwa 40, nesi 1, mitungi ya oksijeni 2, kanula za watoto hakuna. Naweka sahihi yangu. Asubuhi kinasomwa kwenye makabidhiano, kinafungwa, kinarudi kabatini. Miaka 14 sijaona sahihi ya pili chini ya yangu. Ndiyo maana mambo yakiharibika karatasi pekee iliyopo ina jina langu.

---

Mwanakondele

Naheshimu mlichoandika, lakini sitanyamaza. Mke wangu alijifungua hospitali ya umma 2021, si lazima niseme ipi. Manesi walikuwa wanne kaunta, niliwahesabu kupitia dirisha. Alipoita akaulizwa, "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba uliniita?" Mtoto alitoka, mkunga akawa shangazi yangu aliyekuja kuleta uji.

Uhaba haumfundishi mtu matusi. Na madaktari je? Bingwa unamwona Jumanne asubuhi anapita vitanda mbio mbio, jioni unaambiwa ukimtaka kwa utulivu yuko kliniki yake mjini, elfu mbili kumwona. Huyo naye hana watu wa kutosha?

---

Sista_wa_Zamu

@Mwanakondele hilo la mkeo halina utetezi na silitetei. Mpe pole zangu. Kuna wenzetu wanaowatukana akina mama wazazi na tunawajua kwa majina, na tukinyamaza ni kwa sababu kesho tutahitaji mtu wa kubadilishana naye zamu. Huo ni udhaifu wetu.

Na hapo ujiulize aliyekuwa anawasimamia wale wanne siku hiyo yuko wapi. Nesi wa matusi na nesi aliyelemewa wanakutana na kitu kimoja: hakuna mtu wa juu anayepita wodini saa nne usiku kuwaona.

---

Mwalimu_Webuye

Wengi huku tunaikumbuka kesi ya Bungoma. Agosti 2013 mama mmoja alijifungua sakafuni kwenye korido ya hospitali ya wilaya pale Bungoma, akapigwa na kutukanwa, na video ikaenea nchi nzima. Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 na kuagiza aombwe radhi.

Watu hukumbuka hizo milioni. Mimi nilipoisoma hukumu nilikaa sana kwenye sehemu nyingine. Jaji hakuishia kwa manesi. Alisema serikali ya kitaifa na ya kaunti zilikosa kwa kutotenga rasilimali za kutosha na kwa kutofuatilia kama huduma inatolewa kwa kiwango kinachokubalika. Kumbukeni mfululizo wake: uzazi wa bure ulitangazwa ukaanza tarehe 1 Juni 2013. Akina mama wakaja kwa wingi, kama ilivyotakiwa. Miezi miwili baadaye yule mama yuko sakafuni. Aliyetangaza kwenye jukwaa hakuwa na zamu usiku ule.

Kwa hiyo @MwanaNzoia swali lako limekwisha kufika mahakamani na likapata jibu. Shida ni kwamba ilichukua karibu miaka mitano na moyo wa mama yule kurudia kusimulia fedheha yake mbele ya watu.

---

Mkulima_wa_Molo

Mimi niko upande wa Nakuru, ile hospitali kuu ya mkoa tuliyozoea kuiita PGH. Inapokea watu kutoka Baringo, Nyandarua, Narok, Kericho, pamoja na sisi wa Molo. Ukikaa pale kwenye mabenchi ya nje ukawauliza wenzako wamekuja na nini, utakuta malaria, utakuta uzazi wa kawaida, utakuta mtoto anayeharisha. Vitu vya kutibiwa zahanati. Lakini zahanati inafungwa saa kumi na moja jioni, na hospitali ndogo iliyo karibu ina jengo jipya lenye jiwe la ufunguzi na jina la mheshimiwa, ndani usiku kuna mlinzi.

Jengo linapigwa picha. Nesi hapigwi picha. Nadhani hapo ndipo pesa zinapokwenda.

---

Mtunza_Stoo_Mstaafu

Nimefanya kazi ya stoo za hospitali miaka 26, nimestaafu, sina wa kumwogopa.

Vitu vyote vya serikali huingia kwa fomu ya S13 na kutoka kwa fomu ya S11. Kila kitu kina kadi yake kwenye rafu. Wodi ikitaka dawa inaandika S11, natoa, naandika kwenye kadi kiasi kilichobaki. Kwa hiyo mtu akiambiwa dirishani "dawa hakuna, nenda kanunue ng'ambo ya barabara", jibu la kwa nini hakuna limeandikwa tayari. Ama haikuagizwa. Ama iliagizwa KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, ikazuiwa kwa kuwa kaunti ina deni. Ama iliingia ikatoka kwa njia isiyo ya wodi. Kadi inakwambia ni ipi kati ya hizo. Mgonjwa anaambiwa "hakuna" tu, na hasira zake zinaishia kwa msichana wa dirishani ambaye hajawahi kuiona hiyo kadi.

Nilipoanza kazi, mwisho wa mwezi mkubwa alikuwa anakuja stoo mwenyewe, anachagua kadi kumi bila kuniambia, anahesabu mali rafuni na kulinganisha. Alinikuta na upungufu mara moja, katoni moja ya maji ya dripu. Nilitetemeka wiki nzima, na haikurudia. Miaka yangu ya mwisho hakuna aliyekuja. Karatasi zilipelekwa ofisini, zikapigwa mhuri, zikarudi. Wizi haukuanza na mwizi, ulianza siku ile aliyepaswa kuhesabu alipoacha kuja.

Kuhusu kile kipimo cha mtungi, hicho si cha stoo ya dawa. Ni cha fundi wa mitambo ya hospitali. Mara nyingi hakijafa, kimeharibika washa, ile pete ya mpira ya ndani, hewa inavuja, kinatupwa kwenye sanduku la vibovu. Muulizeni fundi ana vingapi sandukuni.

Na pesa za kukitengeneza zipo. Zamani tulichokusanya dirishani kilikwenda akaunti ya mapato ya kaunti, tukawa tunaomba kurudishiwa kama yatima. Sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya inasema hospitali ibaki na inachokusanya na ikitumie yenyewe. Najua NHIF, ile bima ya afya ya zamani, iliondoka na madeni ya hospitali, na SHA iliyoshika nafasi yake Oktoba 2024 watu bado wanailalamikia kwa kuchelewesha malipo. Hata hivyo washa ya mpira haingoji SHA. Uliza bodi ya hospitali imekaa lini mara ya mwisho na iliamua nini.

---

Mwanakondele

@Mtunza_Stoo_Mstaafu mzee nimekuelewa. Mkubwa wa kuhesabu kadi kumi. Hivyo tu.

---

Baba_Akinyi

Vijana, mimi ni wa Kisumu, nimezaliwa kabla ya uhuru. Ile hospitali kubwa mnayoiita Jaramogi, sisi tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya wakati ule. Siku Mzee Kenyatta alipokuja kuifungua, tarehe 25 Oktoba 1969, watu walipigwa risasi barabarani wakafa, na wengine walikuwa watoto. Nilikuwa kijana wa shule, nilikimbia hadi nikapoteza viatu.

Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanaochukulia hospitali ya umma kama kitu cha bure, cha maskini, ukipata shukuru. Huku kwetu hospitali ile ina damu mlangoni. Mtu akiniambia "mzee, vumilia, ni ya serikali", namwambia mimi ni mwenyewe, na mwenyewe huuliza.

Kijana wa Nzoia, usiishie kuuliza humu. Uliza kwa barua.

---

Mwalimu_Webuye

Naongezea kwa Baba Akinyi, maana barua ina nguvu kuliko tunavyodhani.

Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 14, inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu alivyotendewa katika kituo cha afya na lalamiko lake lichunguzwe. Inataka pia utaratibu wa kulalamika ubandikwe mahali ambapo kila anayeingia atauona. Ukienda hospitali yenu kesho, angalia ukutani. Mimi nimeangalia tatu. Niliona mabango ya kuosha mikono na ya bei za mochari.

Halafu kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaweza kuandikia ofisi yoyote ya umma ukaomba nakala, si lazima useme unaitakia nini. Wana siku 21 za kukujibu, na ikiwa habari inahusu maisha au uhuru wa mtu ni saa 48. Wakikataa au wakinyamaza unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya kupokea malalamiko ya wananchi. Omba karatasi, usiombe maelezo. Ukiomba maelezo utapewa hotuba.

---

Sista_wa_Zamu

Naomba jambo moja kabla hujaandika. Usitaje usiku ule wala nesi yule. Ukitaja tarehe wataitafuta rota na barua itaishia shingoni mwake. Omba rota za miezi mitatu, wodi zote.

Na kama unamkumbuka, msaidie. Ile "hatua" inakuja kama barua ya kujieleza, anapewa siku chache ajibu, na hana shahidi.

---

MwanaNzoia

Nimewasoma wote. Sikujua kwamba ninaweza kuwa shahidi. Kesho nakwenda.

---

MwanaNzoia

Wadau, nimerudi. Ni wiki tano zimepita.

Kwanza nesi. Nilimpata kupitia mlinzi. Alikuwa amepewa barua ya kujieleza kweli. Niliandika kurasa mbili za nilichokiona, pamoja na nilivyomfokea, nikaenda kwa wakili kuapa, nikampa. Iko kwenye faili lake. Hawajamjibu, lakini yuko kazini. Nilimwomba msamaha, akaniuliza tu mama anaendeleaje.

Pili barua. Niliomba rota za wodi zote kwa miezi mitatu, orodha ya vipimo vya mitungi vinavyofanya kazi na vibovu, na muhtasari wa kikao cha mwisho cha bodi. Karani alinigongea mhuri wa kupokea lakini hakutaka kuandika jina lake. Nilisimama pale dirishani nikikumbuka ile sahihi moja ya @Sista_wa_Zamu. Nikamwambia sitaondoka. Baada ya saa moja na kidogo alikuja mkubwa wake, akaandika jina na tarehe. Siku zikaanza kuhesabiwa.

Siku ya 19 nikaitwa ofisini kwa mkuu wa hospitali. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima, macho mekundu kwa kukosa usingizi, ametoka thieta, chumba cha upasuaji, asubuhi ile. Alinipa rota. Za miezi yote mitatu zina sahihi ya sista mkuu wa wodi na basi. Usiku 31 kati ya 92 wodi ile ilikuwa na nesi mmoja. Vipimo vya mitungi: vizima 5, vibovu 9. @Mtunza_Stoo_Mstaafu, ni washa, sita kati ya hivyo tisa. Fundi amekwisha kutengeneza vinne tangu barua yangu ifike. Kikao cha mwisho cha bodi kilikuwa miezi saba nyuma.

Kisha akafungua kabati akatoa faili. "Hukuomba hizi," akasema, "lakini ziangalie." Ndani mlikuwa na barua sita alizowaandikia wakubwa wa afya wa kaunti kuomba manesi, ya kwanza ina zaidi ya miaka miwili. Ametaja hadi idadi ya vifo vya usiku. Kila moja ina mhuri wa kupokelewa. Hakuna iliyojibiwa. Na kwenye mihuri yote sita, pale penye mstari wa jina la aliyepokea, pameachwa wazi.

Nilimwuliza kama naweza kupata nakala. Alikaa kimya kidogo akitazama mlango, kisha akasema, "Ziombe kwa maandishi, nitakujibu leo leo." Nikaandika barua pale pale mezani kwake kwa kalamu yake. Akaijibu, akaweka sahihi, jina, tarehe na saa.

Jumatatu napeleka maombi mengine kwa afisa mkuu wa afya wa kaunti: majibu ya barua sita, na orodha ya watu wote walioajiriwa na kaunti tangu ya kwanza ipokelewe, kwa idara. @Baba_Akinyi amesema atakuja na basi la asubuhi kutoka Kisumu tuipeleke pamoja. @Mwanakondele naye anakuja, na shangazi yake.